Kitabu Chako, na Shati la Baba Yako

Mwanangu Salha,

Salamu nitakupa ukirudi kutoka Temeke, maana ni kichekesho kumsalimia kwa barua mtu ambaye nguo zake zimeanikwa dirishani kwangu. Umekwenda kumuaga Shangazi Nuru, na Shangazi Nuru hamwachii mtu mpaka ale mara mbili na asikilize habari za magoti yake. Kwa hiyo nina muda mpaka Magharibi. Leo nimefunga duka alasiri. Majirani walinitazama kwa mshangao, nikawaambia mwanangu anaondoka kesho, wakaniacha.

Mambo ya makoti na baridi, ya dawa za tumbo na kupiga simu ukifika, yameshasemwa na grupu zima la familia. Mjomba wako Sefu, ambaye hajawahi kufika hata Arusha, amekutumia video ya namna ya kutembea kwenye theluji. Mimi sina la kuongeza huko. Nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani tangu siku uliponiletea kile kitabu. Nianzie hapo kwenye kitabu, maana nikianzia kwingine nitaogopa na kuacha.

Ulikuja dukani na mfuko wa karatasi wenye vitu viwili. Kimoja ni riwaya ya mwandishi fulani, kingine ni tasnifu yako uliyoandika juu yake, ina jalada jeusi na maandishi ya dhahabu. Ukasema, "Mama, hii ndiyo kazi iliyonipatia nafasi ya Ujerumani. Usijisumbue kuisoma, ni maneno ya chuoni tu." Unanijua. Ukiniambia nisijisumbue ndipo ninapojisumbua. Mimi ni muuza zipu na vifungo, elimu yangu darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na hapa Kariakoo kuna saa moja ya mchana ambapo mafundi cherehani wanakula na hakuna mteja wa maana. Nikaanza na riwaya.

Niliipenda. Binti anakulia kwenye kota za reli, mji mdogo, baba yake anafanya kazi stesheni. Akiwa na miaka minane anatumwa kumpelekea baba chakula. Anasimama kwenye ukuta wa ghala, treni ya mizigo inapita, anaanza kuhesabu mabehewa, moja, mbili, mpaka thelathini na moja, na sura inakatika. Sura inayofuata ana miaka kumi na moja na ni wa kwanza darasani. Katikati hapo hatuambiwi kitu. Nilidhani kurasa zimechomolewa. Nikakipindua kitabu nikaukagua mshono, maana mshono uliofumuka naujua, na huo ulikuwa mzima. Basi nikaendelea kusoma. Binti anahesabu ngazi, anahesabu madirisha, anahesabu vitanda wodini, nami nikasema mtoto huyu kichwa chake ni cha hesabu. Mwishoni anakuwa muuguzi, anarudi kwao, mama yake anampikia pilau. Nilifuta machozi nikamwambia Mama Hawa wa duka la pili, "Kile kitabu cha mwanangu kizuri. Mtoto kapata shida lakini kafika."

Kisha nikafungua tasnifu.

Ilinichukua miezi miwili. Nilikuwa nasoma ukurasa, narudi nyuma, nasoma tena. Nadharia ya kiwewe, umeandika. Nilivyoelewa mimi ni kwamba kuna pigo linalomwingia mtu kabla hajapata maneno ya kulisema. Halimtoki. Linakaa ndani linamwendesha, na mwenyewe anadhani ni tabia yake. Umeandika kurasa kumi na nne juu ya miaka mitatu ambayo kitabu hakikuisema. Kurasa kumi na nne juu ya kitu kisichokuwepo! Mwanzoni nilicheka, nikasema serikali inalipia mambo. Halafu nikafika pale uliposema yule binti hahesabu kwa sababu ana akili. Anahesabu kwa sababu siku ile kwenye ukuta wa ghala hesabu ndiyo kitu pekee alichoweza kukishika, na tangu hapo hajakiachia.

Hapo sikucheka.

Ukaendelea. Ukasema riwaya za makuzi zimetuzoesha kushangilia mwisho. Mtoto kasoma, kapata kazi, karudi nyumbani, basi tumemaliza. Ukasema msomaji anayeshangilia pale anafanana na mama wa yule binti, ambaye kila sura anasifu utulivu wa mwanawe na hata siku moja hamuulizi unahesabu nini. Nilifunga ile tasnifu nikaiweka chini ya maboksi ya vifungo, na kwa siku tatu sikuigusa. Nilikasirika, nisikufiche. Nilijiona nimepigwa kofi na mtoto niliyemsomesha kwa zipu.

Siku ya nne nikaitoa tena, na kwa kuwa sasa nilikuwa naitafutia makosa, nikaanza mwanzo kabisa, kwenye zile kurasa ambazo watu huruka. Nikaona tabaruku. "Kwa Mama, aliyenisomesha. Na kwa Baba, aliyesafiri."

Ulipokuja jioni ile nilikuuliza huku nakata lastiki, nisikutazame usoni.

"Hivi Salha, umeandika habari zangu humu?"

"Hapana Mama. Nimeandika habari za kitabu."

"Kitabu gani kina mama anayempiga mtoto mbele za watu?"

Ukasema taratibu, "Kwenye kile kitabu hakuna mama anayempiga mtoto, Mama."

Ni kweli hakuna. Nilikwenda kukagua tena, ukurasa kwa ukurasa. Yule mama hajainua mkono hata mara moja. Yule niliyemuona akipiga nilikuwa nimemleta mwenyewe kutoka kwangu. Tukaendelea kukata lastiki, ukaniuliza mita ngapi, nikasema kumi. Ndivyo tunavyozungumza sisi wawili.

Sasa ngoja niseme mambo kama yalivyokuwa, hata yale unayoyajua, kwa sababu tangu uzaliwe sijawahi kuyasema kwa mpangilio.

Baba yako alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapakia mzigo hapa Kariakoo, sabuni, mabati, vyombo, anaupeleka Songea, siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Wewe ulikua ukijua kwamba baba ni mtu anayeondoka na kurudi. Ulipokuwa na miaka saba alirudi akiwa na macho ya njano na tumbo limejaa. Nikakupeleka Tanga kwa mama yako mdogo, nikakwambia ni likizo. Alilazwa wiki tatu, akafariki. Akazikwa siku ileile, baada ya swala ya alasiri.

Nyumba ile ya zamani ya vyumba sita, kabla hawajaibomoa kujenga ghorofa, ilijaa watu mpaka barazani. Mtu mmoja akauliza, "Mtoto wake yuko wapi?" Bibi yako, Mungu amrehemu, akajibu kwa niaba yangu: "Mtoto mwacheni hukohuko. Mtoto hasimamishwi msibani, atakuja kuharibika akili." Akina mama wote wakaitikia kwamba ndivyo. Nami nilishukuru kusikia hivyo, maana sikujua ningekutazama vipi.

Wewe umesoma, utasema hiyo ni mila ya kuficha. Lakini sisi hatukujiona tunaficha. Mtoto alikuwa haambiwi. Mimi mwenyewe baba yangu alipokufa niliambiwa amekwenda kutibiwa, nikaja kujua kwa kusikia wenzangu wakinitania kisimani. Nilikua, niliolewa, nikajiona mzima. Sikujiuliza kama kweli nilikuwa mzima.

Ulirudi baada ya arobaini. Ulinikuta nimekaa eda, sitoki, nimevaa kanga zilizochuja, na duka analo Sefu. Ukasimama mlangoni na kibegi chako cha plastiki.

"Mama, Baba yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Mzigo ukiisha."

Salha, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengine kabisa, kwamba Mungu amempenda, kwamba amepumzika. Nilipokuona na vumbi la basi usoni, likanitoka lile jepesi. Na nyumba nzima ikalibeba. Wapangaji wa vyumba sita, muuza maji, mwalimu wako wa madrasa, kila uliyemuuliza alisema baba amesafiri. Hatukuwahi kukaa kikao. Lilijiendesha lenyewe. Kuna siku nilikusikia unamwambia mtoto wa jirani kwamba safari hii mzigo ni mkubwa sana ndiyo maana. Nikageukia ukutani, nikalia kimya usinisikie.

Wakati uko Tanga, siku ya arobaini, nguo za marehemu ziligawiwa. Unajua inavyokuwa. Kanzu alichukua shemeji, viatu alipewa mlinzi, na lile shati la kijani la drafti, alilokuwa akilivaa safarini, nilimpa Athumani, fundi springi wa kule mtaa wa Gerezani, aliyekuwa akimtengenezea lori. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha kahawia wakati vingine ni vyeupe, nilikishona mimi usiku wa safari moja kwa haraka. Nilimpa Athumani kwa sababu alilia sana msibani. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Eda ilipoisha nikarudi dukani, na wewe ukawa unakuja mchana ukitoka shule, unakaa kwenye kigoda nyuma ya meza. Siku moja nilikuwa nampimia mteja lesi. Nilipoinua kichwa kigoda kilikuwa kitupu.

Kutafuta mtoto wa miaka saba Kariakoo mchana, hilo simwombei adui yangu. Mikokoteni inakuja mbele na nyuma, wapagazi wanakupigia kelele upishe, kila mtu anauza na hakuna anayetazama chini. Nilikimbia mpaka Mnazi Mmoja bila viatu. Muuza madafu mmoja akaniambia kaona mtoto wa sare ya bluu anamfuata mtu kuelekea Gerezani. Anamfuata mtu. Nilidhani nimeshakupoteza.

Nilikukuta kwenye karakana, katikati ya vyuma, umeshika pindo la shati la Athumani kwa mikono miwili. Hukuwa unalia. Athumani amechuchumaa, mikono yake yenye grisi ameinyanyua juu asikuchafue, na mafundi wote wameacha kugonga. Uliniona ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeripoti jambo kwa mwalimu:

"Mama, huyu kavaa shati la Baba. Mwambie avue. Baba akirudi atavaa nini?"

Athumani akanitazama. "Shemeji," akasema, "kumbe mtoto hajaambiwa?"

Na wote wale walikuwa wananitazama. Nakumbuka aibu kuliko ninavyokumbuka huzuni, ndivyo ilivyokuwa, nisijipambe. Nilikupiga kofi la mdomo. Nikasema, "Baba yako kafa. Kafa zamani. Nyamaza, usiniaibishe."

Ukanyamaza.

Ulinyamaza wiki mbili nzima. Halafu ukarudi kuzungumza, lakini kwa kipimo. Hukuuliza tena lini, hukuuliza tena wapi. Ukawa mtoto wa kwanza darasani. Walimu walinisifia, "Mama Salha, mtoto wako katulia, ana adabu, hana utoto." Nami niliwaambia wenye watoto watundu waje kwangu niwafundishe malezi. Hayo ndiyo mashangilio yangu. Nilishangilia miaka kumi na tisa.

Baada ya kusoma tasnifu yako nilianza kukukagua kwa macho mengine. Hujawahi kununua mtumba. Kariakoo yote inavaa mtumba, wewe unapita kando ya meza zile umekaza shingo, na mimi nilikuwa nikikutania mbele ya wateja kwamba binti wa muuza zipu anajifanya malkia. Nguo yako ikikubana huruhusu igawiwe. Unaikunja unairudisha kabatini. Mtu akisema anasafiri, hata kama ni Sefu anakwenda Kibaha kuangalia kiwanja, unaumwa tumbo. Mimi nikakupa dawa za minyoo. Hebu fikiria, Salha. Dawa za minyoo, mpaka una miaka ishirini.

Nikisema samahani kwa lile kofi, na ninasema, samahani mwanangu, bado sijamaliza. Kofi unalijua. Najua unalijua. Lililobaki hulijui, na hakuna anayelijua isipokuwa mimi, kwa kuwa kule wodini nilikaa naye peke yangu.

Ulipokuwa kidato cha tatu uliniuliza swali moja. Tulikuwa tunapanga nyuzi kwa rangi. Ukauliza, "Baba alipokuwa hospitali, hakuniita?" Nikakujibu kwamba hakuwa na fahamu, kwamba wiki zote tatu alikuwa hajitambui, hata ungeletwa asingekujua. Uliitikia kwa kichwa. Ukaweka uzi mahali pake, ukasema, "Basi afadhali. Hakujua kwamba sikuwepo." Nikaona nimekupa kitu cha kukutuliza, na kwa kweli kilikutuliza, na tangu siku ile nimekilinda kama mboni ya jicho.

Baba yako alikuwa na fahamu mpaka asubuhi ya mwisho.

Alikuita. Siku ya kwanza aliuliza kama umeshakula. Siku ya pili akasema mlete nimwone. Nikasema kesho. Aliposema tena nikasema kesho. Nilimwambia uko Tanga, basi ni refu, utachoka, akipata nafuu kidogo ndiyo nitakuleta. Alikuwa mtu mpole, unaijua picha yake. Hakugombana. Alisema tu, "Hata akisimama mlangoni, Mama Salha. Asiingie, asimame mlangoni nimwone." Nikasema kesho. Alikuwa akisikia nyayo za mtoto kwenye korido anageuza uso. Watoto wa watu wanaokuja kuona wagonjwa ni wengi, mwanangu. Aligeuza uso mara nyingi sana.

Kwa nini sikukuleta? Kwa watu nilisema namlinda mtoto asione baba yake amevimba na kuwa njano. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba ini lake lilikuwa limemalizwa na gongo. Alikuwa anakunywa njiani, kule safarini, miaka mingi, na hapa mtaani alikuwa akivaa kanzu Ijumaa na watu wanamwita ustaadhi. Daktari aliniambia mimi peke yangu. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inifunike. Nilikataza ndugu wengi wasije, nikasema ana homa ya kuambukiza. Na wewe ulikuwa mtoto wa kusema kila unachokiona. Niliogopa utaisikia harufu, utawasikia wauguzi wakisemezana, utakuja kuimba barazani. Pia nilikuwa na hasira naye. Kila aliponiomba umuone, kuna kitu ndani yangu kilisema hastahili. Nilikuwa namwadhibu, Salha, na fimbo niliyomchapia ulikuwa wewe.

Sikujua kwamba siku zimekwisha. Nilidhani kesho zipo nyingi. Asubuhi ile aliamka akauliza kama basi la Tanga limeshafika, nami kwa kuchoka tu nikamwambia ndiyo, limefika, anakuja, yuko njiani. Akasema vizuri. Akaomba nimfunge vifungo vya shati, asionekane hovyo. Nikamfunga. Akakata roho kabla ya adhuhuri, amelala kuelekea mlangoni.

Nimekaa na hilo miaka kumi na tisa. Nimeuza vifungo kila siku ya Mungu.

Nilipokuwa nasoma tasnifu yako nilibishana nawe kichwani. Nikasema mtoto anacho kitu kimoja cha kujituliza, kwamba baba hakujua, je nimnyang'anye siku anayoondoka? Si ni ukatili huo? Halafu nikawaza upande wa pili. Umeishi miaka yote ukiamini hukuitwa. Na uliitwa, mwanangu, kila siku, kwa jina, na mtu aliyeng'ang'ania kuwa hai kwa ajili ya kuitazama ile korido. Hayo yalikuwa yako. Niliyaficha kwa sababu nisingeweza kukupa hayo bila kukupa na kosa langu.

Sikwambii usamehe. Sijui hata kama jambo hili ni la kusamehewa, na sitaki uniambie "haina shida Mama," kwa ile sauti yako ya adabu. Ile sauti niliitengeneza kwa mkono wangu pale Gerezani. Ukitaka kupiga kelele, piga. Majirani watasikia, waache wasikie. Nimeshajali masikio ya majirani kiasi cha kutosha kwa maisha yangu na yako.

Sasa nikuambie nilivyokuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga barua hii niikunje, niitie kwenye begi lako kubwa, chini kabisa, katikati ya vitenge vile viwili vipya. Uikute ukifika, ukiwa unapanga nguo kwenye kabati la watu. Nikaona ni njia nzuri. Utakuwa mbali, utalia utamaliza, nami sitauona uso wako.

Nilipofika mstari huu kalamu ikasimama. Nikaenda nikaifungua tena tasnifu, nikatafuta ule ukurasa nilioukunja kona, mahali uliposema kilichomuumiza yule binti hakikuwa tukio la ghalani peke yake. Umeandika kwamba alibaki nalo peke yake, hapakuwa na mtu wa kukaa akamsikiliza. Na mimi hapa, na akili zangu timamu na miwani usoni, nilikuwa naandaa kukupeleka mbali na kukuachia pigo ulibebe peke yako chumbani, kwenye nchi ambayo hakuna hata mtu mmoja anayeijua Gerezani. Nilikuwa nafanya kilekile. Safari hii kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo barua hii haiingii begini. Utaichukua kesho ukitaka, au utaichana, ni yako. Nimeiandika ili nijue pa kuanzia, maana mdomo wangu haujazoea. Ndege yako ni kesho mchana. Tuna jioni yote na asubuhi yote, na mlango wa chini nimeshausikia ukifunguliwa, na huyo ni wewe, nakujua unavyopanda ngazi.

Naweka kalamu. Ukiingia tu nitakuambia kaa, mwanangu, usivue hata mtandio. Baba yako alikuita.

Mama yako,
Mwanaidi